Sweta la Kaka Yako

Tarehe 12 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Hujambo wewe na baridi ya huko mlimani? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa kaka yako anayekohoa, na mimi ambaye moyo umenichafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Kifurushi chako kimefika. Nikampigia kelele mume wangu, "Njoo, dada yako ameleta sweta!" Akatoka bafuni mbio, sabuni bado masikioni. Tukafungua. Sweta hakuna. Mna uzi wa sufu, sindano za kufumia, na kijikaratasi: "Safari hii fuma wewe." Basi. Hata salamu!

Wifi, nimekukosea nini? Tangu niolewe na kaka yako, sweta lake unalifuma wewe. Likichakaa unaleta jingine, nalo linamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Unajua kazi yake. Kutwa yumo ndani ya ghala la kugandishia nyama, anatundika na kutundua kwenye ndoano. Lile la zamani limetoboka viwiko na mikono imelegea. Juzi mkono ulinasa, nusura aning'inie pamoja na mbuzi. Msimamizi amesema nguo ikipwaya haingii nayo ndani, ikibana asiweze kuinua mikono haingii pia. Ya dukani tumejaribu. Yanayomtosha tumbo yanapwaya mikono, yanayomkaa mikono hayapiti tumbo. Unajua mwenyewe lile tumbo.

Mimi najua kufuma skafu tu. Skafu haina kwapa, wifi. Nawe hukuona huruma hata ya kunipa mchoro mwepesi, umeniletea wa misuko, ile mistari inayopandana kama nywele zilizosukwa. Kama kuna jambo, niambie. Tusije tukakutana mbinguni hatusemeshani.

Wifi yako,
mke wa kaka yako

*

Tarehe 29 Machi

Wifi,

Amani iwe kwako. Mimi mzima. Kaka mpe maji ya moto, asinywe ya baridi.

Hujanikosea. Nina shughuli.

Nimechagua misuko kwa sababu inashika joto, na kaka ameizoea. Sasa nisikilize. Kabla hujaanza, fuma kipande cha ukubwa wa kiganja, chenye msuko ndani yake. Kifue, kikaushe, ndipo ukipime, ujue vitanzi vingapi vinatoa upana gani. Msuko hula upana. Nywele zikisukwa si zinafupika? Na sufu ni hivyo hivyo. Ukihesabu kwa kipimo cha skafu zako utamfumia mtoto wa shule, si kaka yangu.

Msuko wenyewe: vitanzi vitatu viweke kwenye ile sindano fupi, vipumzike mbele. Fuma vitatu vinavyofuata. Kisha fuma vile vilivyopumzika. Si uchawi.

Kumpima, mvizie amelala. Akiona futi anavuta tumbo ndani.

Fuma kipande kwanza. Nakujua. Wewe si ndiye Bi Haraka uliyegeuka kuondoka siku ya harusi yako kabla mchungaji hajamaliza baraka, mpaka kaka akakurudisha kwa kukuvuta shela?

Samahani kwa mwandiko. Meza inacheza.

Wifi yako mkubwa

*

Tarehe 20 Aprili

Wifi yangu,

Bwana asifiwe sana. Unaendeleaje? Umepata kabari ya hiyo meza? Sisi wazima. Kikohozi kimepungua, maneno ya kaka yako yameongezeka.

Nimefika kifuani! Mgongo nimeumaliza, mbele naelekea kwapani. Kile kipande sikufuma, nikuambie ukweli. Nani ana muda wa kufuma leso ya sufu, aifue, aianike, halafu aitupe? Nimetumia akili. Nimelitandika lile sweta la zamani kitandani, nikalipima kwa futi, nikahesabu vitanzi kwa skafu yangu ya bluu, kwisha kazi. Na methali ya haraka na baraka usiniandikie, naijua, mama yangu mzazi aliniimbia tangu niko mgongoni.

Lakini misuko hii, wifi! Wa kwanza ulipanda kulia, wa pili ukapanda kushoto, wa tatu haukupanda kabisa, ulikaa tu unanitazama. Nikafumua. Nikafuma. Nikafumua. Kaka yako akapita akasema, "Hilo ni sweta au ngazi?" Nikamwambia apande basi atuondokee.

Alhamisi nilikwenda nalo kwenye maombi ya akina mama, nikalificha chini ya mtandio. Mama mchungaji akasema tufumbe macho. Nikafumba, vidole vikaendelea. Mara nasikia naitwa mimi nifunge maombi. Nikasimama nikasema, "Bwana, tunakushukuru kwa vitatu mbele na vitatu nyuma, amina." Wote wakaitikia amina. Mmoja akanifuata mlangoni kuniuliza ni andiko la wapi.

Sasa niambie, kwapani napunguzaje? Nijibu upesi, nimesimama hapo hapo kama mtu kwenye kizingiti.

Wifi yako,
mke wa kaka yako

*

Tarehe 2 Juni

Wifi,

Amani kwako na kwa kaka. Mimi mzima.

Mwandiko huu si wangu. Ananiandikia fundi viatu, jirani yangu mwenye kibanda chini ya dirisha. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimechelewa kwa sababu ya shughuli.

Kwapani, funga vitanzi vichache kila upande kwa mkupuo, halafu punguza kimoja kimoja kila ukirudi, mpaka bega likupe sura. Usikaze uzi. Ukiwa na hasira usifume. Ina maana utafuma mara chache, lakini ndivyo ilivyo.

Unaniambia hukufuma kipande. Nimekusikia. Sina la kusema.

Wifi yako mkubwa

(Mimi fundi viatu nakusalimu mama. Ameniambia nisiongeze neno. Basi siongezi.)

*

Tarehe 30 Juni

Wifi,

Bwana asifiwe hata leo, ingawa leo namsifu kwa meno yaliyoumana. Natumaini wewe na karani wako hamjambo. Wengine tumebaki kuandika kwa mikono yetu wenyewe.

Sweta limekwisha. Misuko imesimama kama nguzo za hekalu. Nimelifua, nimelikausha, nimemwita kaka yako. Kichwa kikapita. Mikono ikapita. Kufika kifuani, likagoma. Akabaki mikono juu, uso ndani, kama mtu aliyeambiwa na wezi asisogee. Akawa anasema humo humo ndani, "Ni zuri, mke wangu, ni zuri mno." Zuri gani wakati hapumui! Nikavuta, halikwenda chini wala juu. Ikabidi nimwite jirani, mwalimu mstaafu, mmoja ashike kiuno mwingine ashike shingo. Alipochomoka, masikio yalikuwa mekundu na bado anasema, "Linabana kidogo tu."

Nikacheka, nikalia, nikapiga magoti niombe, nikakosa la kuomba.

Msimamizi amemtoa ndani ya ghala. Amemweka getini afungue na kufunga, mpaka apate nguo inayofaa, na asipoipata upesi nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Hafurahi. Anakuja nyumbani anaufungua na kuufunga mlango wangu wa jiko kwa masikitiko.

Sasa sweta lako hilo hapo, nimempa dereva wa lori la viazi anayepanda huko kwenu. Lione kwa macho yako. Lifumue, litie kwenye mto, fanya upendavyo. Mimi basi. Kipande chako sikufuma, najua, usiseme. Lakini wifi, wewe unayefuma huku umefumba macho, kweli umeshindwa kumfumia ndugu yako wa tumbo moja? Kama ni kiburi, Mungu anakuona. Ananiona na mimi, najua hilo pia.

Mke wa kaka yako

*

Tarehe 28 Julai

Wifi yangu,

Bwana asifiwe. Hujambo? Nauliza kwa nguvu, hujambo?

Hujajibu. Nilidhani umenuna, nami nikanuna kwa upande wangu, nikawa nanuna huku nadeki. Jana dereva wa lori alirudi. Nikamuuliza, "Mzigo ulimpa mwenyewe?" Akasema, "Nilimpa. Aliupokea kwa viwiko."

Nikamwambia, "Kwa viwiko vipi?"

"Hivi, mama. Kama mtu anayebeba kuni."

"Mikono yake ilikuwa na unga?"

"Mikono yake ilikuwa imekunjika."

Nimeshindwa kula. Nimetoa barua zako zote kwenye kabati, nikaona jinsi mwandiko ulivyokuwa unapinda kila mwaka nami nikaulaumu mguu wa meza. Wifi, tangu lini? Na mimi nikakuandikia maneno ya karani! Kwa nini hukusema? Ningeweza kukusema vibaya kwa jambo jingine, yapo mengi.

Kaka yako sijamwambia. Nijibu kwanza.

Wifi yako

*

Tarehe 11 Agosti

Wifi,

Amani ya Mungu iwe nanyi. Habari za kaka na geti lake? Mimi sasa siwezi kuandika "mzima" maana fundi viatu amekataa kuliandika.

Vidole vimefunga. Vilianza kidogo kidogo, mvua iliyopita ndiyo iliyovimaliza. Sindano haikai. Sikusema kwa sababu kaka angeacha kazi aje kunikalia hapa, na nani angekula kwa kukaa? Nikasema nikutumie wewe uzi, utajifunza. Sikujua utajifunza kwa njia ya ukaidi.

Sweta lilipofika nililitandika kitandani nitafute makosa. Nimeyapata. Msuko wa tatu mgongoni umepanda upande usio wake. Mkono wa kushoto umezidi wa kulia upana wa kidole. Shingoni umekaza uzi, ulikuwa na hasira. (Mimi sikuona kosa lolote, mama. Fundi viatu.) Futa hilo. Hataki kufuta.

Asubuhi moja baridi ilikuwa kali. Nguo zangu zote za joto ni za vifungo, wifi. Nilizifuma mwenyewe za vifungo, nikiringia vifungo. Kifungo kimoja nakihangaikia mpaka chai inapoa. Sweta lako lilikuwa pale pale kitandani. Nikaingiza kichwa, nikainua mikono, likateremka lenyewe. Bega likakaa begani. Mikono ikaishia kwenye kifundo cha mkono, hata ule wa kushoto, maana na mkono wangu wa kushoto ndio niliobebea ndoo utotoni, umezidi.

Nikakaa kitandani. Nimefumia watu tangu ningali binti. Nimefumia kaka, watoto wa kaka, mchungaji, mtoto wa fundi viatu. Hakuna aliyewahi kunipima. Wewe hukunipima pia, ulikuwa unampima mwanamume mwenye tumbo, ukakosea, likanikaa mimi.

Jumapili nilikwenda nalo kanisani. Wakaniuliza nani amefuma. Nikasema wifi yangu, na kwamba ana haraka.

Sikurudishii. Uzi mwingine unakuja na lori. Kaka asikae getini. Na safari hii, kwa jina la Bwana, fuma kipande.

Wifi yako mkubwa

*

Tarehe 6 Oktoba

Wifi yangu wa moyoni,

Bwana asifiwe. Hujambo, na vidole havijambo? Sisi wote wazima, na kikohozi kimekwisha.

Nimefuma kipande. Nimekifua, nimekikausha, nimekipima. Kilitoka chembamba, kimejikunyata kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikakitazama nikasema, kumbe ni hiki tu ulichokuwa unanililia. Basi nikahesabu upya. Kaka yako nikampima usingizini. Aliamka katikati, akavuta tumbo, nikamngoja mpaka pumzi ikamwisha.

Sweta limemkaa. Ameinua mikono, ameinama, amejipinda. Msimamizi alimzunguka akitafuta pa kulaumu, akapakosa, akamrudisha ndani ya ghala siku ile ile. Na unajua alivyorudi jioni alisemaje, huyu ndugu yako? Alisema, "Limekaa vizuri kama la dada." Jasho langu lote, magoti yangu, fedheha yangu mbele ya mama mchungaji, halafu "kama la dada"! Nilikuwa na sindano mkononi, Mungu akaushika mkono wangu.

Ndipo nikamwambia habari zako. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya mlango na sweta lake mwilini, kwenye joto lile, hakulivua. Kesho yake akaomba likizo. Tunapanda na lori la viazi mwisho wa mwezi, tukae nawe. Usiseme tusije, nafasi tumeshapewa. Vifungo vyako vyote nitaving'oa nitie kamba za kuvuta. Utaniambia navitia vibaya, nami nitanuna, lakini tutakuwa chumba kimoja.

Sasa fundi viatu, haya nakuandikia wewe, maana ndiye unayefungua bahasha. Anaweza kushika kikombe? Anaweza kujifungulia mlango? Usiku analala? Niandikie ukweli kabla hatujaondoka, nijue nichukue nini. Akikuambia usiongeze neno, ongeza.

Wifi yake