Paa la Baba Halitobolewi

Baba Watoto,

Ukiamka usipande juu ya paa, hata kuchungulia. Ile paneli ya sola, ile laini inayopindika, nimeshaibandika, ila gundi haijashika sawasawa. Mifuko ya mchanga niliyoikandamizia ibaki pale pale mpaka kesho jioni, na waya usiuguse. Chai iko kwenye chupa.

~~Mama yako~~ Mama amerudi kulala. Usimwamshe, na usifungulie redio.

Unajua alivyosema tangu mwanzo: paa aliloliezeka marehemu Baba halitobolewi na mtu. Ndiyo maana nikanunua gundi, na bado akanicheka, eti nyumba si kiatu. Basi leo alfajiri nimeshalaza paneli, sijaweka mifuko, upepo ukainua kona. Nikapiga kelele kukuita. Wewe unakoroma tu, asante sana! Kugeuka, namwona Mama kwenye ngazi, na magoti yake yale, kaigandamiza kona kwa viganja vyote viwili. "Weka mifuko, mwanangu, mimi siachii." Na kweli hakuachia mpaka nilipomaliza, gundi imemjaa vidoleni.

Mwanangu! Miaka yote mimi ni "huyo mkeo".

Akiamka, msugue mikono kwa mafuta ya kupikia, si petroli. ~~Mwambie nashukuru.~~ Usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe nikitoka kazini.

Alama za viganja vyake zimebaki kwenye bati, pembeni ya paneli. Ole wako uzifute.

~~Mkeo~~
Mtoto wa Mama