Kunguru wa Mbagala

Kampala, 3 Februari 1953

Baba mpendwa,
Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo. Mie mzima, ila baridi ya asubuhi inanikomesha.
Mwalimu wangu amekubali utafiti wangu: je, kunguru akiona kipanga hulia tofauti na akiona mtu? Wa hapa nawasikiliza mwenyewe. Wa pwani nakutegemea wewe uliyefundisha kwaya miaka thelathini. Kila asubuhi kaa chini ya minazi yetu, uandike kila mlio na kilichousababisha. Nikifaulu nitapelekwa Uingereza kusoma zaidi.
Mwanao, Ansbert

Mbagala, 20 Juni 1953

Mwanangu Ansbert,
Marahaba. Sie wazima. Mama yako analalamika kwamba huniita mara tatu ndipo niitike. Hajui kuwa mtafiti hasumbuliwi!
Nimejaza madaftari mawili, nayatuma. Kuna jambo la ajabu humo. Kunguru wa huku wakiona kipanga hawalii hata kidogo. Anapita juu yao, kimya kabisa.
Baba yako, Kornelio

Kampala, 15 Julai 1953

Baba,
Shikamoo, na pole na kazi. Mie sijalala kwa furaha. Mwalimu anasema jambo hilo hajalisoma popote. Anakwenda likizo kwao, na kabla ya kupanda meli Dar es Salaam atafika Mbagala ajionee. Mama ampikie ndizi.
Mwanao, Ansbert

Mbagala, 2 Septemba 1953

Mwanangu,
Marahaba. Afya zetu njema. Mgeni wako alikuja Jumanne. Tulikaa minazini, vipanga wawili wakapita chini chini. Nikamwonyesha, nikaandika "kimya". Akatazama juu, akatazama kalamu yangu, akatazama juu tena. Kunguru walikuwa wameachama midomo, nadhani ni joto. Akasema kitu, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Chai hakuimaliza.
Mama yako analia tangu siku ile, wala hataki kuniambia sababu. Je, tumefaulu?
Baba yako, Kornelio

Kampala, 9 Novemba 1953

Baba,
Shikamoo. Mie mzima wa mwili.
Mwalimu ameandika kwamba siku ile kunguru walipiga makelele hadi akaziba masikio, nawe ukaandika kimya. Alikuuliza kama mimi ndiye niliyekuagiza uandike hivyo, ukajibu ndiyo. Wakubwa wa chuo wakaniita. Ningeweza kuwaambia kwamba baba yangu hasikii. Ulimi ulikataa, baba. Mtu wa kwaya kama wewe! Nikasema, "Ndiyo, nilimwagiza." Nimefukuzwa jana.
Usijilaumu. Nenda kwa daktari.
Mwanao, Ansbert

Mbagala, 12 Januari 1954

Mwanangu Ansbert,
Barua tatu nimekutumia bila jibu. Sijui kama unakula, sijui unalala wapi.
Daktari amenipima. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linaelekea huko huko. Nilijua yananiacha, lakini si kiasi hicho. Hata masika nilidhani tu mvua imekuwa nyepesi juu ya bati. Naona aibu, mwanangu. Nimekuharibia maisha kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.
Nimewaandikia wakubwa wa chuo ukweli wote, na cheti cha daktari ndani. Wamejibu kwa adabu kwamba baba yeyote angesema hivyo.
Rudi nyumbani. Mama yako hali vizuri. Siku ukifika akiwa sokoni, usikae nje kupiga hodi ukadhani nimekukasirikia. Sukuma mlango uingie.
Baba yako, Kornelio