Beseni la Ubatizo Kambini

Tata,

Limeingia, baba yangu! Beseni lako limeingia kanisani, na jana mtoto alibatizwa ndani yake. Nimeshindwa kungoja Mama amalize kuwasimulia majirani ndipo nami nikuambie.

Ulipotuacha, jiwe lilikuwa limechongwa lakini halijasuguliwa. Mimi na Mama tukalisugua kwa maji na msasa, kazi yetu wanawake wa hapa kijijini Tabaka, mpaka viganja vikaota sugu. Nililia humo ndani, Tata. Nililia na kusugua, nikasugua na kulia.

Kisha Sajini Ondieki, jirani yetu aliyeliagiza, akaja na lori la jeshi. Kambini wamejenga kanisa la mawe, maana kile kibanda cha bati walichoachiwa na Waingereza kilikuwa kikivuja hadi madhabahuni. Kumbe taabu ilikuwa mbele. Ofisa aliyesimamia ufunguzi alitazama beseni, akatazama meza ndogo ya mbao iliyoandaliwa kulibeba, akacheka.

"Hili ni la kunyweshea ng'ombe. Weka nje, tupande maua."

Maua! Kazi yako ya mwisho! Nilitamani ardhi ipasuke. Na kosa nilijua limetoka wapi. Kanisa lao hunyunyiza matone tu kichwani. Bakuli la uji lingewatosha. Lakini wewe na Usabato wako uliuliza, "Mtoto mchanga ametubu nini?" Halafu ukanung'unika, "Kama ni lazima wambatize, basi azame mzima." Ukachonga la kumzamisha mzima.

Nikamwendea kasisi wao, nikamweleza vilevile ulivyosema. Sikuficha hata lile swali lako. Nikamwambia hutachonga jingine. Alilicheka lile swali mpaka akafuta macho, kisha akapapasa ukingo wa beseni.

"Liwekwe sakafuni," akasema. "Sisi ndio tutainama."

Na wakainama, Tata! Hata yule ofisa na nyota zake mabegani. Koplo mmoja na mkewe wakamleta mtoto wao, kasisi akamtumbukiza mara tatu, na kilio chake kikashinda tarumbeta. Mama akapiga vigelegele kama yuko harusini kwao Marani. Kasisi alipouliza beseni ni kazi ya mkono wa nani, nilisimama nikataja jina lako mbele ya jeshi lote.

Nyumbani tuko salama. Mama hunywa chai upande wako wa benchi, na hataki mwingine akae hapo.

Sasa neno ambalo ni mume wangu tu anayelijua: nina mimba. Akiwa wa kiume ataitwa Ombati kama wewe, ndiyo desturi yetu, mzee akitangulia jina lake lirudi nyumbani. Ila nakuahidi, beseni lile hatalikaribia. Ataingia mtoni kwa miguu yake mwenyewe, atakapokuwa tayari, nami nitakuwa ukingoni nimemshikia nguo kavu.

Pumzika, Tata wangu.

Binti yako,
Kemunto