Sala Iliyotoka Kitabuni

Malvern, Jumanne

Leo nilipeleka mapazia niliyoshonea ofisi ya mchungaji wetu. Kwenye kiti chake nikaona kitabu kikuukuu cha Kifaransa, cha Mzungu mmoja wa Paris aliyeandika mambo ya uchawi: jinsi ya kuchora duara, kufukiza ubani, kuita roho kwa majina.

Nikafungua palipokunjwa. Eish, Mungu wangu! Ilikuwa sala yetu ya kila Ijumaa, neno kwa neno, ila kwa Kifaransa, lugha niliyojifunza shuleni. Ile ambayo mchungaji alituambia alifunuliwa na Mungu alipokuwa akifunga na kuomba kule mlimani, mtaa wa Yeoville. Ndiyo niliyomwombea binti yangu Neema usiku na mchana alipolazwa hospitali, mpaka sauti ikanikauka.

Mchungaji akaingia, akanikuta nimekishika.

“Baba, si ulisema sala hii ulipewa na Mungu?”

Hakushtuka hata kidogo. Akakichukua taratibu mkononi mwangu.

“Mama Neema, mtoto alipona ama hakupona?”

Alipona. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Jioni nilipiga magoti nimwombe Mungu msamaha. Maneno yaliyonijia kinywani yalikuwa yale yale ya kitabu.