Kituo cha Pili

Kogo, nyanya yangu huko Litein, umeamkaje?

Hapa Italia baridi inakata masikio na chai hawatii maziwa. Sisi walimu wa fizikia tumeletwa kuona mashine iliyo kwenye picha hii: mabomba mawili marefu, mwanga wa leza ndani, vioo mwishoni. Nyota zilizokufa zikigongana huko mbali, mtikisiko unafika hadi hapa na vioo vinasogea kidogo, kiasi kisichofika hata unene wa unywele. Lakini kituo kimoja kikisikia peke yake, hawaamini. Wanauliza kwanza kituo cha Amerika kama nao wamesikia.

Hapo nilitoka nje nikalia.

Mtoto wangu alilia, Kogo. Mara moja tu, kidogo sana. Nesi akasema nimeota, amezaliwa amekufa. Ndiyo maana hamkumtajia majina ya wazee waliotangulia, moja moja, kama anavyotajiwa kila mtoto wetu mpaka apige chafya kwa lililo lake. Tukamzika kando ya shamba la chai bila jina.

Funika kifua, mvua ya jioni ni mbaya. Nakupenda. Ila uniambie: wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Hukusikia kitu?

Chepkoech wako