Msemaji wa Peris

New Hope, 2 Februari 2025

Baba,

Mimi mzima, ila baridi ya Minnesota inaniuma masikio. Mgongo wa Mama je?

Nyanya yake mchumba wangu Nikhil atanipokea Lakeville tarehe kumi na sita. Anajua Kihindi tu. Asiponikubali, siolewi, sitaki kuingia nyumba yenye kinyongo. Nikhil amenifundisha, dada yake akanicheka kwamba naongea kama mwanamume. "Nakuja," mwanamke husema *main aa rahi hoon*, mwanamume *main aa raha hoon*. Na kitenzi hukaa mwisho. Wewe mwalimu wa Kiswahili, nisaidie.

Binti yako, Peris

Nyamira, 6 Februari

Peris wangu,

Mgongo wa mamako umetulia, mdomo ndio bado.

Sisi tunabandika ni-, u-, a- mbele ya kitenzi. Wao wanabandika yao nyuma. Sema polepole, kitenzi kije mwisho kama mgeni rasmi. Na usiende mikono mitupu. Mimi harusini nitawaombea kutoka hapa, ndege sipandi.

Babako

New Hope, 16 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeharibu. Nyanya aliniuliza mbele ya watu nimefuata nini. Nilielewa, na jibu nilikuwa nalo. Nikainamisha kichwa nikanyamaza, kama tunavyokaa kwetu siku ya posa, nikingoja msemaji. Msemaji gani, na nilienda peke yangu? Akasema nina kiburi, akaondoka sebuleni. Nimelia garini njia nzima.

Peris

Nyamira, 18 Februari

Mwanangu,

Pole. Kosa ni langu, nilikufunza adabu nikakutuma bila msemaji. Tangu barua yako ya kwanza naenda kwa Mhindi wa duka la vyuma, Kisii, ananisahihisha vitenzi. Jumapili rudi, unipigie, umpe Nyanya simu.

Babako

New Hope, 23 Februari

Baba mpendwa,

U mzima, msemaji wangu? Ulipomwambia kwetu binti husemewa na baba, Nyanya alishika simu kwa mikono miwili. Kitenzi ulikiweka katikati, akakusahihisha, mkacheka. Kisha akaniambia, "Sasa wewe." Nikasema yote, akanilisha ladu, kitamutamu chao cha mviringo, kwa mkono wake. Amekubali, Baba! Ila anataka harusini, Juni, msemaji aketi kando yake. Nimjibu nini?

Peris

Nyamira, 24 Februari

Binti yangu,

Tu wazima. Msomee hivi: *Main aa raha hoon.*

Babako

Nami nimemnyang'anya simu, sanduku nimeshalitoa: *main aa rahi hoon.*

Mamako