Hospitali ya Kaka Owuor

Lucky Summer,
Jumamosi

Kaka Owuor,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki siku hizi. Huku tuko wazima. Mvua imenyesha wiki nzima, na Carolyne wangu amepata kazi ya ukarani katika kiwanda kimoja huko Baba Dogo.

Mume wangu Johnson amerudi kutoka nchi hiyo ya vita ulikompeleka kufunga mabomba. Nilimuuliza habari za hospitali ya kampuni yenu, ile uliyotuambia mnawajengea watu walioumizwa na vita. Akasema, "Mama Carolyne, hakuna hospitali. Kuna bango tu, la kupigia picha."

Akaniambia mabomba aliyofunga ni ya kambi ya wanajeshi, na barabara mnayojenga inatoka kwenye visima vya mafuta hadi uwanja wa ndege. Wenyeji waliokuwa wakiishi kando yake wamefukuzwa. Zile shuka za wagonjwa tulizoshona bure, sisi akina mama wa kanisa, zinalaliwa na maafisa wa jeshi.

"Owuor alijua?" nikamuuliza.

"Ndiye aliyewagawia."

Jumapili nilisimama kanisani nikawaambia wenzangu ukweli, maana ni mimi niliyewaomba washone. Nililia mbele yao. Mama yetu alikuwa amekaa pale, akasikia yote. Sasa kila jioni anapowaombea watoto wake, anatutaja sisi watatu tu. Jina lako analiruka.

Ni mimi dada yako,
Truphena